Muulize Shangazi: Bahari kwa siku tatu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mahindi mwaka huu yametupa nafasi kidogo, na wanangu nimewaahidi bahari. Baba yao anataka Dar, mimi naipenda Tanga, ila jirani anasema Tanga imelala. Twende wapi, na tutazame nini kwa siku tatu?
Mama wa watatu, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Angalau leo sijaulizwa habari za wakwe! Nendeni Tanga. Dar siku zenyewe zitaishia kwenye foleni. Na huyo jirani mwambie Tanga ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005, sisi Dodoma tukasubiri hadi 2018.

Basi litawapitia hapo hapo Kibaigwa, kisha Morogoro, Chalinze, Segera na Muheza. Muheza msiache machungwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapoharibikiwa: bahari ina saa zake. Mtu anashuka Raskazone mchana, maji yamekupwa, anakuta tope, mawe na ngalawa zimelala ubavu, anarudi Dodoma kusema kadanganywa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho hesabu karibu saa tano. Kwa hiyo mkishafika, kabla hata ya kufungua mabegi, muulizeni mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi, ratiba yenu ifuate jibu lake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Watoto waoge yakiwa yamejaa, na mkono wako uwe karibu. Hawa wamezoea mabwawa ya Kongwa.

Yakipwa, zungukeni. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi, njia ya Horohoro. Ni mawe ya chokaa, giza na popo, kwa hiyo viatu vya kufunga, siyo kandambili. Mtembezaji atawaambia pango moja linatokea Mombasa. Si kweli, lakini msimkatize, anasimulia vizuri. Mjini kuna Boma la Wajerumani lenye makumbusho, na hela ikibaki, magofu ya Tongoni njia ya Pangani, msikiti na makaburi ya karne nyingi.

Jioni ni Ngamiani. Barabara zake zina namba, hampotei. Angalieni baiskeli tu, zinakuja kimya. Kaeni barazani, kahawa chungu na kashata. Salimieni kwanza ndipo muulize bei. Ukianza na bei watakujua umetoka bara. Khanga mbili usisahau, mjini hatutembei na nguo za kuogea.

Jasho la kule halikauki kama letu, bebeni nguo nyepesi za kubadili. Na subirini likizo ya Juni. Aprili ni masika, Amboni panateleza na bahari imechafuka.