Kwa nini hewa hupimwa kabla ya kushuka kwenye makaa ya mawe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu amepata kibarua cha kupakia makaa ya mawe melini katika Bandari ya Mtwara. Ameambiwa asishuke kwenye tumbo la meli mpaka hewa ipimwe, hata kama mfuniko uko wazi, na wenzake wanasema huko ni kupoteza muda. Makaa hayo huletwa kwa malori kutoka Ruvuma, juani, bila kumdhuru mtu. Je, jiwe ambalo halijawashwa lina hatari gani?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, tunamsihi mdogo wako alishike sharti hilo bila kulilegeza. Makaa ya mawe, tangu yanapochimbwa, hufyonza oksijeni iliyo hewani na kutoa joto. Juu ya lori upepo huleta hewa nyingine, lakini katika tumbo la meli lililofungwa oksijeni hupungua kutoka asilimia 21 ya kawaida, na kwa kuwa upungufu huo hauna harufu wala rangi, mtu anaweza kuanguka na kupoteza fahamu kabla hajatambua kwamba anakosa pumzi. Kufungua mfuniko hakutoshi, maana hewa mbovu huweza kubaki kwenye njia za ngazi na katika pembe za chini. Linalotuumiza zaidi ni kwamba katika ajali za namna hii, mara nyingi hufa pia yule aliyekimbilia kumwokoa mwenzake.

Yapo makaa yanayotoa methani, gesi nyepesi kuliko hewa, ambayo hujikusanya chini ya mfuniko na ambayo, ikifikia takriban asilimia 5 ya hewa, huweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo sigara na uchomeleaji hupigwa marufuku. Mengine hujipasha moto yenyewe na kutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu. Kanuni za Shirika la Bahari Duniani, IMO, ambazo ni za lazima tangu 2011, haziruhusu kupakia makaa yenye joto linalozidi nyuzi 55 za Selsiasi.

Ugumu mkubwa upo hapa: methani hutaka tumbo la meli lipitishiwe hewa, ilhali makaa yanayojipasha moto hutaka lifungwe, kwa sababu hewa hiyohiyo ndiyo inayouchochea moto. Nahodha hawezi kuchagua kwa kuyatazama makaa kwa macho. Anategemea tamko la maandishi la msafirishaji kuhusu tabia za makaa hayo, na kwa maoni yetu, anayeficha ukweli katika tamko hilo anahatarisha maisha ya watu wote waliomo melini.

Mdogo wako ana haki ya kumwuliza msimamizi kipimo kimesoma kiasi gani, saa ngapi, na kilishushwa mpaka kina kipi. Asipopewa jibu kamili, asishuke.