Hela ya kiingilio kimoja? Ifuate bendi nyumbani kwake

Kama mwezi huu una hela ya kiingilio kimoja tu, usiipeleke kwenye shoo ya uwanjani. Ipeleke kwa bendi, kwenye ukumbi wake wa kila wiki, siku isiyo na sikukuu wala uzinduzi wa kitu chochote. Najua wengine mtaninunia. Uwanjani kuna taa, kuna moshi, kuna wasanii kumi kwenye bango moja. Lakini mimi nimekesha mbele ya majukwaa tangu sijaanza kujitegemea, na shoo ninazozikumbuka vizuri, zile ninazoweza kukusimulia nani alianza na nani alimpokea, karibu zote ni za bendi ikiwa kwake.

Uwanjani msanii hupewa muda mfupi. Anapanda, anaimba zile nyimbo zake nne ambazo kila mtu anazijua, anauliza "Dar mpooo?", anashuka. Na mara nyingi kinachosikika ni CD, yeye anaisindikiza tu. Kama hujui namna ya kupambanua, acha kumtazama usoni, tazama mkono ulioshika kipaza sauti. Ukiona mkono umeshuka hadi kifuani na sauti ya mwimbaji ipo palepale, haijapungua hata chembe, ujue unasikiliza kilekile ulichokisikia asubuhi kwenye daladala. Sisemi watu hawafurahi. Wanafurahi, na mimi nimeruka pamoja nao. Nasema tu kwamba pale hakitatokea kitu ambacho hakikupangwa.

Bendi ya dansi ni habari nyingine, na inataka subira. Wimbo wa dansi una vipande viwili. Cha kwanza kinakwenda taratibu: waimbaji wanapokezana beti, kisa kinasimuliwa, mume aliyeoa mke wa pili kwa siri, kijana aliyepotelea mjini akasahau kwao, rafiki aliyemgeuka rafiki. Watu wanacheza wawili wawili, wengine bado wanakula nyama yao. Kisha linakuja chemko. Waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanachukua uongozi, tumba zinapanda, na hapo kila mwenye miguu anaijua kazi yake.

Kwenye zile rekodi za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam, chemko lina mwisho wake kwa sababu kipindi kina muda. Ukumbini halina mwisho mpaka bendi iamue. Bendi ikiona watu wamekolea, wimbo wa dakika saba unakwenda robo saa na ushei, na hakuna usiku ambao utarefushwa vilevile kama usiku uliotangulia. Hicho ndicho kinachonifanya niutoroke usingizi. Nimewahi kumwona mpiga solo mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya baraghashia na miwani iliyofungwa uzi, amekaa kwenye kiti cha plastiki usiku kucha kama anayengoja basi. Akitaka kubadilisha pigo hasemi neno. Anaigeuza shingo ya gitaa kidogo kuelekea kwa mpiga besi, kidogo kiasi kwamba usipokuwa unamtazama hujui, na kundi zima linageuka naye kwa wakati mmoja. Waliokuwa wakicheza walipiga yowe bila kujua ni nini kimetokea. Mimi nilijua, kwa sababu nilikaa upande wake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kiti. Usikimbilie meza ya mbele katikati. Pale utaona viuno vya wanenguaji na mgongo wa mtu anayetunza, yaani anayempa mwanamuziki noti. Kaa pembeni, upande wa magitaa, uone vidole na macho yao. Wanamuziki huzungumza sana wakiwa jukwaani, ila kwa nyusi. Ukishaanza kuyaona mazungumzo hayo, hata wimbo usioupenda unakuwa na cha kutazama.

Fika mapema lakini usitegemee makubwa mapema. Saa ya kwanza ni ya kupasha moto: wanapiga nyimbo za bendi nyingine, waimbaji chipukizi wanapewa nafasi, wakongwe wako nje wanavuta pumzi. Wengi huja saa hiyo, wakasikiliza nyimbo tatu, wakaondoka wakisema bendi imechuja. Bendi haijaanza. Kuanzia saa nne usiku na kuendelea ndipo nyimbo zenyewe zinapotoka, na zile nzuri kabisa hutoka wakati ukumbi umeanza kupungua, wamebaki wapenzi wenyewe na bendi inapiga kujifurahisha. Kama una watoto au Jumatatu ina bosi, tafuta zile shoo za Jumapili alasiri, zinaisha kwa heshima.

Na ijue bendi kabla hujaenda. Si lazima uwe profesa. Chukua nyimbo mbili tu, zisikilize nyumbani mpaka uweze kuitikia, halafu uende uone zinavyovunjwa na kujengwa upya. Historia nayo inaongeza utamu. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ndipo ikabaki na jina la mtindo wake. Mlimani Park, ambayo wengi tunaiita Sikinde, ilianza mwaka 1978. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo aliimba pande zote mbili, na ukikaa meza moja na wazee wa Msondo na wazee wa Sikinde utasikia mabishano ambayo hata ya Simba na Yanga yana afadhali. Wakipambana jukwaa moja, nenda hata kama unaumwa. Kila bendi inapiga ikiwa na mwenzake pembeni anasikiliza, na hakuna anayetaka kwenda kulala na aibu.

Niwape pole wale waliozaliwa wakachelewa kumwona mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala na bendi yake, Super Matimila. Alifariki Desemba 2010, na hadi leo konda akitangaza kituo cha "Sinza kwa Remmy" kuna abiria vijana hawajui Remmy ni nani. Funzo langu hapo ni dogo na la haraka: mkongwe unayempenda, mwone mwaka huu. Usiseme tutakwenda.

Bi Kidude nilimwahi. Ilikuwa Unguja, Ngome Kongwe, na tayari alikuwa bibi ambaye mtaani ungempisha njia bila kuulizwa. Aliimba na kikundi cha taarab kwanza, kwa ile sauti yake iliyokwaruza. Kisha ikaja ngoma kubwa ya msondo, ikafungwa kwa kanga kiunoni, naye akaipiga amesimama. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye ngazi za mawe wanapiga soga walinyamaza, halafu wakasimama. Alifariki Aprili 2013. Nina rekodi zake nyumbani na ninazipenda, lakini hazina mkono ule ukishuka kwenye ngozi ya ngoma.

Tamasha la pale Ngome Kongwe ni Sauti za Busara, na hilo ndilo ninalolitoa kwenye sheria yangu ya kukimbia shoo kubwa. Lilianza mwaka 2004, hufanyika Februari, na sharti lake ni kwamba anayepanda anapiga laivu. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, nasi tuliolizoea tukajua hatukuwa tumelithamini vya kutosha. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa, kuta zake ni nene, na sauti ikiingia mle hairuhusiwi kutoka kirahisi. Ukisimama chini ya ukuta, besi inakujia mara mbili. Simama karibu na meza ya mitambo. Fundi mitambo anapanga sauti kwa masikio yake, hapohapo alipo, hivyo ukiwa jirani yake unasikia anachokisikia yeye. Siri hii inafaa popote penye spika kubwa, hata kwenye mkesha wa injili.

Kosa ninaloliona kila mwaka pale Ngome ni watu kutaka kuona kila kitu. Wanasikiliza wimbo mmoja, wanatoka kwenda Forodhani kula zanzibar pizza, wanarudi wimbo wa mwisho. Chagua kikundi kimoja kwa usiku, kikundi ambacho jina lake hulijui, ukisikilize kuanzia wanapochomeka nyaya hadi wanapozichomoa. Pizza ipo mpaka usiku wa manane. Na Mtanzania mwenzangu, beba kitambulisho chako, kwa sababu kiingilio chetu ni cha chini kuliko cha wageni na mlangoni hawatakuamini kwa Kiswahili tu.

Ukiwa Unguja usiondoke bila taarab, na simaanishi ile ya hotelini wakati wa chakula. Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na klabu hizi hufanya mazoezi jioni. Nimewahi kubisha hodi Vuga kwa adabu, nikaonyeshwa kiti, nikakaa kimya. Mazoezini utaona yale ambayo jukwaani yamefichwa: mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ameiweka mapajani, anavaa zile pete zenye kucha kwenye vidole vya shahada, anakaza nyuzi moja moja huku wapiga fidla wanabishana kuhusu mwanzo wa wimbo. Wimbo uleule ukarudiwa mpaka mzee wa akodioni akaridhika. Hakuna aliyetoza hata senti, ila ukiwa muungwana utaacha kitu.

Kutunza kuna adabu yake, na wageni wengi hawafundishwi. Kwenye dansi unamwendea mwanamuziki ukicheza, noti unaibandika kwenye paji la uso wake au unaitia mfuko wa shati, unarudi. Usisahau mpiga tumba na mpiga gitaa la rithim; wote wanamtunza mwimbaji, wao wanatoka na jasho tu. Kwenye taarab unamwendea mwimbaji taratibu, noti imeshikwa kwa ncha za vidole na mkono uko juu ili kila mtu aione, naye anaipokea bila kukatisha neno. Lakini angalia unainuka kwenye ubeti gani. Ukiinuka kwenye ubeti wa mapenzi, umesema jambo. Ukiinuka kwenye ubeti wenye kijembe, umesema jambo zaidi, na yule mama wa meza ya tatu ameshajua anasemwa yeye. Kwenye taarab ya kisasa, ile ya mipasho, nimeona shoga yangu ameinuka kwa kupenda sauti tu, akarudi ana adui asiyemjua jina. Kama ni mgeni wa mtaa, tunza wakati wa kiitikio. Kiitikio hakina mwenyewe.

Kuna watakaoniuliza kuhusu singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini: je, ni laivu na hakuna gitaa hata moja? Mimi nasema ni laivu. Nenda kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku, umtazame anayeshughulika na kompyuta. Watu wakilegea anaongeza kasi, wakipandisha mori anakata pigo, na yule mwenye kipaza sauti anawataja waliosimama mbele yake kwa majina. Hiyo haikurekodiwa popote. Kwangu hiyo inaishinda shoo ya CD yenye jukwaa la mamilioni.

Mambo ya mwili nitayapitia haraka. Masikio kwanza: Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kwenye kumbi za burudani wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na kumbi zetu nyingi hazijapata barua hiyo. Viziba masikio vya sponji vinauzwa kwa bei ya soda, vinapunguza makali na muziki bado unausikia. Usisimame chini ya spika hata kama ndipo penye nafasi. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kula kabla. Dada zangu, nendeni wawili au watatu, na dereva wa kurudi awe mtu mnayemfahamu, mmekubaliana bei kabla ya kuingia. Saa nane usiku mlangoni bei ni ya saa nane usiku.

Simu, rekodi wimbo mmoja kisha itie mfukoni. Siyo mahubiri. Video zako za gizani zenye sauti inayopasuka hutazitazama, mimi zangu sizitazami, na wakati umeinua mikono kushika simu huwezi kupiga makofi. Wanamuziki wanaona. Ukumbi unaopiga makofi mahali panapostahili, baada ya solo nzuri na siyo mwisho wa wimbo tu, unapigiwa zaidi. Nimeona bendi iliyochoka ikifufuliwa na meza moja ya wazee waliokuwa wakisema "hapo! hapo!" kila tarumbeta ilipopatia.

Na kabla hujatoka nyumbani, piga simu ukumbini mchana. Ratiba kwenye mabango hubadilika, bendi inaweza kuwa imekwenda mkoani. Uliza kama ipo, halafu uliza swali la pili ambalo wengi hawaulizi: wapuliza ala wapo? Siku hizi bendi nyingine huacha tarumbeta na saksafoni nyumbani, kinanda kikajifanya yote mawili. Ukiambiwa hawapo, hela yako itunze mpaka wiki ijayo.