Usimwite Ichiro: neno "ronin" kwa mnaokuja kusoma Japani

Wadogo zangu mnaofunga mabegi, mimi nilijiaibisha wiki ya pili tu ya kibarua, ambacho huku kinaitwa baito. Kilikuwa kiwanda cha chakula cha maboksi, zamu ya jioni. Nilipangwa kwenye mkanda na kijana mmoja Mjapani, yeye anapakia wali, mimi naweka kipande cha samaki juu yake. Nikamuuliza anasoma wapi. Akainamisha kichwa, akasema, "Ichiro desu." Nikajua ananitajia jina. Nikamwita Ichiro-san siku tano mfululizo, naye anaitika kwa adabu zote, mpaka mama mmoja wa zamu yetu akanivuta pembeni penye makabati ya viatu. Akaniambia hilo si jina, kijana alikuwa ananieleza kwamba amefeli kuingia chuo mara moja.

Jina Ichiro lipo kweli, la wanaume, na ndilo lililoniponza. Lakini yake ilikuwa "ichi", yaani moja, na "ro" ya ronin, yaani aliyekosa nafasi ya chuo anayesubiri kurudia mtihani. Aliyekosa chuo mwaka mmoja ni ichiro, miwili niro, mitatu sanro. Aliyetoka sekondari akapita moja kwa moja anaitwa gen'eki, neno lilelile la askari ambaye bado yuko kwenye utumishi. Unaona lugha yote imeazimwa kambini.

Ronin huandikwa kwa alama mbili, wimbi na mtu. Aliyekulia pwani hahitaji maelezo marefu: chombo kimekatika nanga, kinakwenda arijojo. Zamani za kale ilikuwa ni mtu aliyeihama ardhi alikoandikishwa, baadaye likawa jina la samurai, askari wa jadi wa Japani, asiye na bwana wa kumtumikia. Wengi tunafika tukiwa na picha ya jabali mpweke mwenye upanga. Ifute. Samurai alilipwa kwa mchele wa bwana wake, na bwana akianguka, mchele unakatika. Baada ya vita vya Sekigahara mwaka 1600, watawala wa ukoo wa Tokugawa walinyang'anya mabwana wengi maeneo yao, na bwana akifa bila mrithi, nyumba yake ilifutwa, watumishi wake wote wakabaki na panga mbili kiunoni na tumbo tupu. Wako waliofundisha watoto kuandika, wako waliobandika karatasi za miavuli wapate kula. Mwaka 1651 ikagunduliwa njama ya uasi ya Yui Shosetsu, iliyokusanya watu wa namna hiyo. Serikali ikalegeza sheria, bwana akaruhusiwa kuasili mrithi hata akiwa kitandani anakata roho, ili nyumba zisizidi kufungwa. Kwangu mimi kipengele hicho cha urithi kinaeleza mengi kuliko hadithi zote za mapanga.

Ile hadithi ya ronin 47 mtaisikia tu. Bwana wao Asano aliamriwa kujiua mwaka 1701, nao wakalipiza kwa kumuua Kira, ofisa aliyekuwa na ugomvi na Asano, kisha wakahukumiwa kujiua pia. Makaburi yao yako hekalu la Sengakuji, Tokyo. Nendeni tarehe 14 Desemba, kunakuwa na kumbukumbu, na moshi wa ubani unawasha macho mpaka unatoa machozi bila kukusudia.

Sasa ya leo, ambayo ndiyo itakayowagusa. Mtihani wa pamoja wa vyuo unafanyika katikati ya Januari, vyuo vya serikali vinaongeza wa kwao mwishoni mwa Februari, masomo yanaanza Aprili. Ukikosa, unasubiri mwaka mzima. Wenye uwezo huenda yobiko, shule za kunoa watahiniwa. Asiye nao anajisomea nyumbani. Wapo pia "ronin wa barakoa": wameandikishwa chuo kimoja, wanahudhuria, huku kimyakimya wanajiandaa kurudia mtihani wa chuo kingine. Ukimgundua darasani kwako, funga mdomo.

Tusidhani ni kurisiti kama kwetu, basi. Huku mtu hujitambulisha kwa mahali pake kwanza, kampuni fulani, chuo fulani, ndipo jina. Kwenye fomu kuna kisanduku cha "shozoku", uko chini ya nani. Ronin anakosa cha kuandika pale. Kwa hiyo usimuulize kijana wa miaka 19 anasoma wapi kabla hajasema mwenyewe. Muulize anapenda kula nini.

Na msijidhanie mko salama. Shule ya lugha inakupa miaka miwili tu ya viza, hivyo nafasi yako ya kuwa ronin ina kikomo ambacho mwenyeji hana. Kibarua ni saa 28 kwa wiki, usizidishe, wanahesabu. Mkishaingia chuo, kuna ronin wa ajira, aliyehitimu bila kupata kazi: kampuni huajiri wahitimu kwa mkupuo, wote wanaanza 1 Aprili, na msako wenyewe huanza ukiwa mwaka wa tatu. Mimi nilisubiri nimalize kwanza, kwa akili za nyumbani. Nikabaki na viza ya kutafuta kazi, miezi sita, ikaongezwa sita, na kile kisanduku cha shozoku nikawa nakiacha wazi mimi mwenyewe.

Kuna maneno hayasemwi mbele ya mtahiniwa: kuanguka, na kuteleza, kwa sababu yote mawili ni kufeli. Januari ile theluji ilishuka tukiwa zamu. Tunatoka, ngazi zimeganda, nikamwambia yule kijana kwa Kijapani changu chote: angalia usiteleze. Mama wa makabati ya viatu akanikanyaga mguu. Kijana akacheka, akashika chuma cha ngazi, akasema mwaka jana hakuna aliyemwonya.