Asilimia ngapi? Mama Baraka, kaa kitako kwanza

BARUA YA KWANZA

Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa kumi na moja sasa. Kifunguamimba wangu yuko darasa la 11. GPA yake, yaani wastani wa alama za shule, ni 3.87; ACT, ule mtihani wa kuombea chuo, amepata 31; amesoma masomo manne ya AP (ya kiwango cha chuo, yanayofundishwa sekondari) na mawili ya chuo kupitia PSEO, mpango wa jimbo wa wanafunzi wa sekondari kusoma chuoni. Anataka udaktari. Vyuo anavyotaja ni Harvard, Yale na Johns Hopkins.

Kuna mshauri mmoja hapa mjini aliyeingiza alama zake kwenye kompyuta, akaniambia nafasi ya Harvard ni asilimia 14, na nikimlipa dola 3,500 ataifikisha 40. Kwetu Kisii mtoto akipata A unajua keshaingia. Hapa sielewi. Niambie ukweli kama mama mwenzangu: ana nafasi asilimia ngapi? Shughuli za nje ya darasa hana za kutaja, ni kwaya ya kanisa tu na mpira kidogo darasa la 9, maana mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee na yeye ndiye hubaki na wadogo zake. Mapato yetu kwa mwaka ni kama dola 61,000.

— Mama Baraka

JIBU

Mama Baraka, salamu zimefika. Nilipofika kwenye hiyo asilimia 14 niliiweka barua chini nikaenda kujimiminia chai, maana nilijua nikijibu saa ile nitamtukana mtu.

Walioomba Harvard kuingia mwaka 2024 walikuwa 54,008. Waliopokelewa ni 1,937, hawafiki wanne kwa kila mia. Huyo bwana amempa mwanao nafasi inayokaribia mara nne ya wastani wa wote, wakiwemo washindi wa mashindano ya hesabu, wanamichezo walioitwa na makocha na watoto wa waliosoma hapo hapo. Halafu dola zako 3,500 ziifikishe 40! Hiyo ni ramli, Mama Baraka, na wewe uliyekulia Kisii unamjua mpiga ramli anavyofanya kazi: mtoto akipita ni yeye, asipopita ni kisirani chenu. Wenye pesa kukushinda wameuziwa uhakika wa namna hii. Rick Singer, aliyewauzia matajiri wa Marekani njia ya uchochoroni ya kuwaingiza watoto wao vyuoni mpaka akakamatwa, alihukumiwa miaka mitatu na nusu jela Januari 2023. Simwiti mshauri wako mhalifu. Nasema tu uhakika hauuzwi, kwa hiyo anayeuuza anauza kitu kingine.

Ila nakuelewa ulikotoka. Sisi tumelelewa na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Jumla ya juu kabisa ni pointi 84, kuna hesabu ya klasta, yaani ya masomo yanayotakiwa na kozi, yenye kikomo cha 48, KUCCPS, wagawaji wa nafasi za vyuo, wanapanga majina kuanzia juu kushuka, na kozi ikijaa imejaa. Unaweza kulia, lakini unajua ulikosa kwa pointi ngapi. Vyuo vya hapa vinavyochuja sana havina pointi za kuingilia. Alama nzuri zinamfanya mtoto asomwe kwa makini, basi. Kinachofuata ni watu wanaobishana mezani.

Najua kwa sababu nilikaa kwenye meza hiyo misimu sita, katika chuo ambacho sitakitaja. Novemba hadi Machi nilikuwa nasoma mafaili mpaka macho yananiwasha. Faili moja lilichukua dakika kumi na mbili, siku za mwisho hata kumi. Kwanza nafungua alama za mtoto, na papo hapo ule ukurasa ambao shule yake inautuma kujieleza: ina wanafunzi wangapi, inafundisha AP ngapi, wangapi huendelea na chuo cha miaka minne. Ndipo shughuli, insha, barua za walimu. Mwisho naandika namba mbili, moja ya masomo na moja ya mtu mwenyewe, na aya fupi ya kumtetea au kumwacha.

Sasa tumsome Baraka.

AP nne ni nyingi au chache? Sijui, kwa sababu hukuniambia shule inafundisha ngapi. Kama zipo kumi na nane, msomaji atauliza kwa nini amechukua nne. Kama zipo sita, nne ni nyingi, na juu yake kuna yale masomo ya PSEO, ambayo ni darasa la chuo kweli lenye alama za kweli. Wiki hii nenda kwa mshauri wa shule, yule wa bure, umuulize mambo mawili: AP zipo ngapi, na je, kwenye barua yake ataandika kwamba Baraka amechukua ratiba ngumu kuliko zote zilizopo? Akisitasita, muulize kinachokosekana, maana ratiba ya darasa la 12 bado inarekebishika.

ACT ya 31 si mchezo, usimgombeze kijana. Lakini Yale, nusu ya katikati ya wanaoingia huwa na 33 hadi 35. Yaani Baraka kwa sasa yuko chini hata ya robo ya mwisho inapoanzia. Harvard na Yale zimerudisha sharti la mtihani (Yale wanakubali hata matokeo ya AP badala ya ACT), kwa hiyo Harvard ni vigumu kuificha hiyo 31. Carleton na Macalester, hapo hapo Minnesota, hawalazimishi. Arudie mara moja kabla ya Septemba. Mara moja, nimesema. Mtoto anayerudia mara tano amepoteza Jumamosi tano.

Hizi takwimu sikuzitoa kichwani. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set. Andika jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu, utaupata bure. Nenda sehemu ya C. Jedwali la C7 linasema chuo chenyewe kinathamini nini: ugumu wa masomo, insha, mahojiano, undugu na waliosoma pale. C9 ndiyo yenye alama za walioingia. Saa moja na Baraka kwenye meza ya jikoni, mtajua mengi kuliko kompyuta ya yule bwana.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipita mbio kama mtu anayepita mtaa wa anaowadai pesa, samahani, wanaomdai. Umesema hana shughuli za kutaja, kisha ukasema wewe uko zamu ya usiku na yeye ndiye hubaki na wadogo zake. Mama Baraka! Hiyo ndiyo shughuli.

Nina sababu ya kupaza sauti. Msimu wangu wa pili nilisoma faili la msichana wa mji mdogo, alama safi, walimu wanamsifu kwa utulivu wake, ukurasa wa shughuli karibu mtupu. Niliandika kwamba ni mwanafunzi mzuri ila haonekani kujishughulisha na chochote. Hakupita. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mwalimu wake kwenye maonyesho ya vyuo, akaniambia msichana yule alikuwa akimwogesha na kumlisha baba yake aliyepooza tangu darasa la 8. Hakukuwa na neno hata moja kwenye faili. Msichana aliona aibu, mama yake aliona ni kazi ya kawaida ya mtoto wa kike, mshauri wa shule alikuwa na wanafunzi mia nne. Na mimi niliyelelewa na shangazi zangu, mtu ambaye angepaswa kunusa jambo kama hilo, nilifunga faili nikafungua lingine.

Kwa hiyo sikiliza. Fomu ya Common App, ile moja inayotumwa vyuo vingi, ina nafasi kumi za shughuli, na kwenye orodha ya aina za shughuli majukumu ya familia yapo, yameandikwa kabisa. Maelezo yasizidi herufi 150, kwa hiyo hakuna nafasi ya mapambo. Baraka ahesabu: unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, wadogo wana umri gani, nani anapika, nani anasimamia kazi za shule, nani anawapeleka kituo cha basi. Mara usiku ngapi kwa wiki, mara wiki ngapi kwa mwaka. Fomu yenyewe inauliza saa kwa wiki. Akiandika kwa mfano saa 25 na ni kweli, msomaji atairudia GPA ya 3.87 kuitazama upya. Mshauri wa shule naye aambiwe aitaje, kwa sababu neno la mtu wa pili lina uzito wake. Na kwaya usiitupe: kama amekaa miaka sita na ndiye anayefundisha sauti ya besi, aandike hivyo.

Insha ni jambo lingine. Ana maneno 650 na si lazima yawe ya zamu zako. Watoto wetu wengi husukumwa waandike machozi, na sisi wasomaji tulikuwa tunayaona machozi yaliyoagizwa. Kama anapenda kutengeneza baiskeli, aandike baiskeli.

Sasa pesa, maana umetaja dola 61,000 mwishoni kama jambo dogo. Kwa mapato hayo ningeanza na QuestBridge. Ni mpango wa wanafunzi wenye alama za juu na kipato cha chini: anaorodhesha vyuo hadi 15 kwa mpangilio wa matamanio yake, na akipangiwa kimojawapo anasoma miaka minne bila nyinyi kulipa karo, chakula wala malazi. Yale wamo, Carleton wamo, Grinnell ya Iowa wamo. Fomu hufungwa mwishoni mwa Septemba na inauliza mengi kuhusu nyumbani, kwa hiyo aanze Julai. Akikosa huko, bado anaomba kawaida. Harvard wenyewe, tangu mwaka wa masomo wa 2025–26, hawatozi chochote familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini, mradi mali yake ni ya kawaida. Kwa hiyo bei iliyobandikwa isikutishe. Tishika na ile utakayolipa wewe. Kila chuo kinatakiwa kisheria kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Kijaze kabla Baraka hajaomba kwa ile njia ya mapema ya kujifunga, ambapo akipokelewa inabidi aende.

Na huo udaktari. Hapa kwa kawaida haingii mtu kitivo cha tiba akitoka sekondari kama nyumbani. Atasoma shahada miaka minne kwanza, ndipo aombe shule ya tiba, ambayo ndiyo itakayokula pesa. Kijana aliyemaliza University of Minnesota akiwa na alama za juu na bila deni hajaachwa nyuma na yeyote. Jimbo lenu lina North Star Promise tangu 2024: familia yenye mapato chini ya dola 80,000 hailipi karo kwenye vyuo vya umma vya Minnesota.

Umeniuliza asilimia, siwezi. Nitakuambia ningeandika nini kwenye aya yangu. Harvard, Yale na Hopkins: aombe, kwa kupitia QuestBridge pale chuo kinapokuwemo kwenye mpango huo, mkijua kwamba hata waliokamilika hukataliwa kila Machi. Carleton, ambao huchukua kama mmoja kati ya watano, pamoja na Macalester alikosoma Kofi Annan, na Grinnell: hapa ni mgombea wa kweli, na faili likija na zile saa za usiku ningelipigania. University of Minnesota: nitashangaa wakimkataa, ijapokuwa kitivo cha biolojia huchuja zaidi ya vingine.

Zile 3,500 mnunulie kijana laptopu, na wewe upumzike zamu kadhaa.

BARUA YA PILI

Mwalimu, nimemaliza kidato cha nne Eldoret, KCSE nimepata A ya kutoa. Mjomba wangu aliye Texas anasema niombe vyuo 20 vya Marekani kwa mpigo na vitano havitakosa kunichukua. Ni kweli?

— Kijana wa Eldoret

JIBU

Mjomba anakupenda lakini anahesabu kama anayetupa nyavu. Common App inakubali vyuo 20, ndiyo. Tatizo lako ni kwamba unahitaji pesa na wewe si raia, na vyuo vingi vikiona hivyo hupunguza nafasi. Visivyotazama mfuko wa mwombaji wa kigeni ni vichache: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Bowdoin, Dartmouth, Brown na vingine vya kuhesabika kwa vidole. Navyo ndivyo vigumu kuliko vyote. Chagua vinane au tisa, hakikisha nusu yao ni vyuo vidogo vinavyowalipia wageni gharama yote wasiyoweza kuilipa, na vikikutoza ada ya kuomba, omba msamaha wa ada, hutolewa.

Matokeo ya KCSE hutoka Januari, na fomu nyingi hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo mwaka huu ushakupita. Usijute. Fomu mpya hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Mpaka hapo fanya SAT, mtihani mwingine wa kuombea chuo, fundisha hesabu shule ya jirani kama wanakutaka, na ulizia KenSAP, ambao tangu 2004 wamekuwa wakiwaandaa vijana wa Kenya kwa vyuo hivi hivi. EducationUSA, washauri wa kuomba vyuo vya Marekani, wako kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na ushauri wao ni wa bure. Pasipoti anza kuishughulikia sasa. Foleni yake unaijua.