Nani alikuwa naye alipohojiwa?

Wiki hii mmeuliza: mtoto anapokamatwa, ni haki ipi ilindwe kabla ya zote? Wengi watasema asichanganywe na watu wazima mahabusu, nami siwapingi, kwani kumlaza mtoto chumba kimoja nao ni ukatili. Lakini kwa miaka niliyofanya kazi ya ustawi wa jamii, jibu langu limebaki lile lile: mtoto asihojiwe peke yake.

Niliwahi kukabidhiwa jalada la mvulana wa miaka 12. Maelezo yake yalijaza ukurasa mzima, na humo "alisema" kwamba aliingia dukani "kwa nia ovu, nikishirikiana na mwenzangu". Chini palikuwa na alama ya dole gumba, wino umesambaa kwa jasho. Nikamuuliza nia ovu ni nini. Alinyamaza, akatazama mlango, kisha akaniuliza, "Nikilijua hilo nitaruhusiwa kwenda nyumbani?"

Mtoto aliyechoka na mwenye njaa, mtu mzima amemsimamia, hukubali lolote ili yaishe. Kukubali kwa namna hiyo siwezi kusema ni kukiri kosa.

Na sheria zipo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 40, unakataza mtoto kulazimishwa kukiri, na unataka aelezwe tuhuma zake mapema na apate msaada wa kisheria. Ibara ya 37 inasema kumfungia kuwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mwaka 2019 kamati inayosimamia mkataba huo ilishauri kwamba mtoto aliyekamatwa na kushikiliwa afikishwe mbele ya mamlaka husika ndani ya saa 24, na kwamba umri wa kushtakiwa usipungue miaka 14. Kwa kipimo hicho, mvulana yule hakupaswa hata kufunguliwa jalada.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote huanza kusomwa mahakamani, wino wa dole gumba ukiwa umeshakauka. Ningependa hakimu, kabla hajagusa kosa lenyewe, aulize nani alikuwa na mtoto alipohojiwa. Kama hapakuwa na mzazi, mlezi wala wakili, maelezo hayo yawekwe kando. Wapelelezi watasema mzazi hapatikani usiku. Basi mtoto ale, alale, aitwe afisa wa ustawi wa jamii. Maswali yanaweza kusubiri. Wala si kila mzazi anafaa kuketi pale. Nimemwona mmoja akimchapa mwanawe makofi mbele ya mpelelezi ili akiri. Ndiyo maana nasisitiza wakili.

Kwenye maelezo ya mvulana yule palikuwa na mstari wa jina la mzazi au mlezi. Uliachwa wazi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi, na hakuna aliyemwita ndani.