Choo chako kinaingia kwenye shimo la jirani: nani alipe?

Ndugu, umeandika kwamba choo chako kinaingia kwenye shimo la jirani, shimo linajaa, na unauliza nani alipe. Kwanza jueni kilichoharibika, ndipo mzungumze pesa. Fungueni chemba zote (vishimo vyenye mifuniko vya kukagulia mabomba) siku moja, wote wawili mkiwepo. Chemba yako ikiwa imejaa na ile mabomba yenu yanapokutana ni kavu, bomba lako ndilo limeziba, na gharama ni yako hata kama limepita kwenye kiwanja chake. Kuanzia hapo mnapokutana hadi shimo la mwisho, mchange. Gawaneni kwa idadi ya watu. Mwenye wapangaji kumi asilipe sawa na mwenye familia ya watu wanne.

Umesema shimo linajaa wiki moja tu baada ya gari la kunyonya kuondoka. Basi kunyonya tena ni kupoteza pesa. Huenda tope limetoka kwenye karo, yaani shimo la kwanza ambamo tope hutuama, likaingia shimo la pili, lile linalopeleka maji ardhini, likaziba kuta zake. Mara nyingi chanzo ni T ya inchi 4, kipande cha bomba chenye umbo la herufi T kinachozuia tope lisitoke, kwenye tundu ambalo maji hutokea karoni: imevunjika, au fundi hakuiweka kabisa. Wekeni T, nyonyeni tope lote, kisha chimbeni shimo la pili upya. Ila wakati wa masika maji ya ardhini yakipanda, hata shimo zuri halinywi, kwa hiyo msilihukumu Aprili.

Mkikubaliana, andikeni na msaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Bila maandishi, jirani akiuza nyumba, mnunuzi anaweza kuziba bomba lako. Jirani akikataa kuchanga na majitaka yanatiririka nje, mwite bwana afya wa kata.