Filamu za Djibril Diop Mambéty: anzia mwisho, urudi mwanzo

Ukiwauliza wajuzi wa filamu uanzie wapi kwa Djibril Diop Mambéty wa Senegal, watakutajia Touki Bouki ya 1973. Mimi nakushauri uiweke kando kwanza. Huwa naalika watu kutazama filamu sebuleni kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, na wengi walioanza na hiyo waliinuka katikati. Walioanza na filamu yake ya mwisho walirudi kuuliza kama zipo nyingine.

Hiyo ya mwisho ni La Petite Vendeuse de Soleil, ya dakika 45, iliyotoka 1999, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Sili, binti anayetembea kwa magongo, anaamua kuuza magazeti mitaani Dakar, kazi ambayo wavulana wameishika kama mali yao. Wanamsukuma, wanamnyang'anya gongo. Polisi wanamshuku wizi kwa sababu ya noti kubwa aliyonayo, naye anasimama kituoni kudai haki yake. Hakuna mahali Mambéty anapokuomba umhurumie mtoto huyu. Anamwacha auze, agombane, acheze ngoma.

Kisha tazama Le Franc. Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya Senegal, ilipunguzwa thamani kwa nusu, na Mambéty akatuletea Marigo, mwanamuziki aliyechukuliwa ala yake na mama mwenye nyumba kwa sababu ya deni la kodi. Marigo anashinda bahati nasibu, lakini tiketi ameigandisha mlangoni kwa gundi. Basi anaung'oa mlango na kuubeba mjini. Mtu yeyote aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo ataielewa filamu hii bila maelezo.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni Hyènes, yaani Fisi, ya 1992. Mambéty alichukua tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt akaihamishia Colobane, alikozaliwa. Mji umefilisika. Ramatou, aliyefukuzwa akiwa msichana, anarudi na utajiri usiohesabika na kuahidi kuwagawia watu wote, mradi wamuue Dramaan, mwenye duka. Huyo ndiye aliyemkana alipokuwa na mimba yake, akanunua mashahidi wa uongo. Watu wanakataa kwa hasira. Halafu wanaanza kukopa dukani kwa Dramaan huyohuyo. Hapo acha nyuso zao, angalia miguu: viatu vipya vya njano kutoka Burkina Faso vinazidi kuongezeka, na Dramaan anaviona. Wazee wa Kigogo niliotazama nao hawakuhitaji kuelezwa fisi wanatafuta nini kati ya picha zile. Fisi hana haraka, anamsubiri aliyechoka.

Sasa ndipo uende kwa Touki Bouki. Mory, mwenye pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe, na Anta, mwanafunzi, wanasaka nauli ya kwenda Paris. Ng'ombe wanachinjwa mbele ya kamera bila kufichwa, kwa hiyo watoto wadogo walale kwanza. Mambéty hakusomea filamu shuleni, alitokea kwenye uigizaji wa jukwaani, na hapa anakata picha anavyotaka: bahari, machinjio, wapendanao, huku sauti ya mwimbaji Josephine Baker ikiimba Paris tena na tena. Usihangaike kutafuta mfululizo. Jiulize tu kwa nini picha hii imewekwa baada ya ile.

Wahusika wanazungumza Kiwolofu na Kifaransa. Sisi humpa mmoja kazi ya kusoma kwa sauti tafsiri ya chini ya kioo na kuigeuza Kiswahili, kama kwenye vibanda vya video. Mchague mtu asiyejaza maneno wahusika wanaponyamaza, maana Mambéty anasema mengi kwa ukimya na upepo. Tafuta pia nakala ya Touki Bouki iliyokarabatiwa 2008. Ukimaliza, ongeza Mille soleils ya 2013, ya Mati Diop, binti wa mdogo wake Mambéty, inayomfuata Magaye Niang, aliyeigiza Mory, akiwa mtu mzima Dakar. Itazame wiki hiyohiyo, wakati sura ya Mory bado unaikumbuka vizuri.